Kabla ya Kuuliza Italiaje, Uliza Utaipimaje: Mhadhara juu ya Saketi za Moduleshoni kwa Pedali za Kujitengenezea

Haya, tuanze. Wa nyuma sogeeni, viti vya mbele havina miiba.

Hili nimelisema mara nyingi kiasi kwamba baadhi yenu mngeweza kulimalizia kwa niaba yangu. Nalirudia kwa sababu mabodi yaliyokufa bado yanaletwa. Mtu anataka pedali yake ya kwanza ya moduleshoni, yaani kisanduku cha mguu kinachoifanya sauti ya gitaa ipepee au izunguke. Ukimuuliza ipi, anajibu korasi, kwa kuwa ndiyo sauti aliyoizoea kwenye solo za rumba. Anashusha mchoro wa Boss CE-2, pedali ya korasi, anaagiza vifaa, analehemu usiku kucha, anachomeka gitaa. Gitaa linapita kavu, halitikisiki hata kidogo. Ukimuuliza amepima nini, anakutazama. Hajapima kitu, na kibaya zaidi, hata angetaka kupima hana chombo cha kupimia kile alichokichagua.

Ndiyo maana nasema: usichague saketi kwa jina la sauti. Kila saketi ya moduleshoni ina kifaa kimoja kinachobadilika, na osileta ya polepole inayokibadilisha, yaani saketi inayopandisha na kushusha volti yenyewe. Osileta ni karibu ileile kwenye zote. Kinachozitenganisha ni hicho kifaa: LDR (rezista inayobadilika kwa mwanga), JFET (transista inayoongozwa kwa volti), OTA (chipu ya kukuza inayoongozwa kwa mkondo), au chipu ya kuchelewesha sauti. Basi swali la kwanza ni hili: kifaa kinachobadilika ni kipi, na nitakipima kwa mita ya umeme niliyo nayo?

LDR unaipima kwa omu. JFET unaipima kwa volti. Chipu ya korasi, ile BBD, mita ya bei rahisi haikuambii lolote la maana. Mpangilio wa kujifunza umeshajitoa wenyewe hapo: tremolo (sauti inapanda na kushuka kwa ukubwa), kisha feiza (mashimo yanatembea ndani ya sauti), kisha korasi (sauti inachanganywa na nakala yake iliyocheleweshwa).

Tremolo sitakaa nayo sana. Unafunga LED nyekundu ya kung'aa uso kwa uso na LDR, GL5528 au GL5516, ndani ya ule mpira mweusi unaonywea kwa moto. Mweusi, nasema. Mweupe unapitisha mwanga, halafu utakuja kulalamika kwamba pedali inaunguruma mchana na inatulia usiku ukizima taa. Taa ya umeme wa 50 Hz hupepesa mara 100 kwa sekunde, na LDR iliyo wazi inaisikia. Ziba ncha zote mbili.

Kabla ya kulehemu, ipime. LED kwenye 9V kupitia 4.7k, LDR kwenye mita. Ikiwaka, usomaji ushuke chini ya 2k. Ukizima na kusubiri sekunde chache, upande juu ya 500k. Haishuki? LED imekaa upande. Haipandi? Mwanga unavuja. Umeshajua kosa kabla hujaunganisha waya hata mmoja na gitaa.

Sauti ipitie 47k, LDR iende ardhini, kisha opampu, chipu ya kukuza, yenye kukuza mara mbili. Ukiiacha bila kukuza, sikio litahisi sauti imepungua hata kama kilele chake hakijapungua, kwa sababu nusu ya wakati imebanwa.

Osileta: opampu mbili, moja intigreta (inapandisha na kushusha volti polepole), moja komparata (inageuka volti ikifika kikomo). 10k kutoka intigreta kwenda komparata, 22k ya kurudisha, kapasita ya 1µF, kisha 47k mfululizo na poti ya 500k. Piga hesabu: 2.2 gawanya kwa mara nne ya R na C. Unapata takriban 1 Hz hadi karibu 12 Hz, na zaidi ya hapo LDR yenyewe haiwahi, ni nzito. Kapasita hiyo isiwe elektrolaiti ya kawaida, maana volti yake hapo inageuka huku na huku. Huna ya filamu? Chukua elektrolaiti mbili za 2.2µF mfululizo, hasi kwa hasi.

Na mlio wa "tik, tik, tik"? Najua mnaulizia. Ni komparata inageuka ghafla na kuvuta mkondo kwenye njia ileile ya umeme inayolisha sauti. Ukiongeza spidi na tiki zikaongezeka, ndiyo hiyo, usitafute mchawi. Tumia TL062 badala ya TL072 kwenye osileta, lisha osileta kupitia 100 omu na 100µF ya peke yake, ardhi yake irudi kwenye jeki kwa waya wake. Waya wa LED usipite kando ya waya wa ingizo.

Tremolo basi. Sasa feiza, na hapa tutakaa.

MXR Phase 90, mchoro wa mwaka 1974, ndio ambao kila mtu anaunakili, na ni haki. Hatua nne. Kila hatua ni opampu, rezista za 10k, kapasita ya 47n au 50n, na JFET inayofanya kazi ya rezista inayobadilika, ikiwa na 24k sambamba nayo. JFET ikifunga kabisa, inabaki 24k, na kituo cha hatua, yaani masafa yake ya katikati, kinakuwa karibu 140 Hz. Ikifunguka hadi ukinzani wa jumla wa 1k, kituo kinapanda hadi karibu 3.4 kHz. Huo ndio mzunguko unaousikia. Kila hatua mbili zinazaa shimo moja kwenye sauti, kwa hiyo nne zinazaa mawili: moja kwenye 0.41 ya kituo, la pili kwenye 2.4 yake. Kituo kikiwa 500 Hz, mashimo yako karibu 207 na 1207.

Lakini hesabu hiyo ina sharti: hatua zote nne ziwe na kituo kimoja. JFET zote nne zinapokea volti moja kwenye geti (mguu unaoiongoza JFET), toka osileta moja. Kama moja inafunga kwa volti 1.4 na nyingine kwa 2.6, basi volti ileile inayomfungua huyu haijamgusa yule. Ni watu wanne wanaobeba jeneza, mmoja akiwa mfupi mno: jeneza linakwenda, lakini si vile lilivyokusudiwa. Mashimo yanakuwa mapana na mafupi, mzunguko unasikika upande mmoja tu, na kuna kipande cha kila duru ambapo hakitokei kitu.

Na tofauti hiyo si ya kufikirika. Karatasi ya kiwanda ya 2N5457, aina mojawapo ya JFET, inaruhusu volti ya kufunga kuanzia 0.5 hadi 6. Soma tena: toka nusu volti hadi sita, jina moja, mfuko mmoja. 2N5952, iliyokuwa kwenye Phase 90 za mwanzo, ni 1.3 hadi 3.5. J113 haizidi 3. Na kwenye saketi hii volti ya rejea inawekwa na zena (diodi inayoshikilia volti) ya 5.1V, kwa hiyo JFET inayotaka volti 5 kufunga haitafunga kamwe, osileta haina pa kwenda.

Kupima ni hivi. Bredibodi, betri ya 9V. Dreni na sosi ni ile miguu miwili mingine ya JFET. Dreni kwenye chanya. Geti kwenye hasi. Sosi kwenye hasi kupitia 10k. Mita kwenye sosi, ukisoma volti kutoka hasi. Basi. Namba unayoiona ni volti ya kufunga, pungufu kidogo, na huo upungufu hautuhusu kwa sababu tunalinganisha, hatuandiki karatasi ya kiwanda. Andika namba kwenye kipande cha tepu, bandika kwenye mguu. Tafuta nne zilizokaribiana ndani ya milivolti 50. Ndani ya 30 ni bora. Chini ya 10 ni kujionyesha.

Usishike transista kwa vidole halafu ukasoma papo hapo. Joto la mkono linasogeza namba kwa milivolti mbili hivi kila digrii, na vidole vyako vina digrii za kutosha kuharibu upimaji wote. Shika kwa koleo, subiri nusu dakika, soma. Betri iwe moja toka mwanzo hadi mwisho.

Mita ikisoma sifuri? Mambo mawili. Ama umekosea miguu: 2N5457 na J113 geti iko pembeni, 2SK30A geti iko katikati. Tumia kipimo cha diodi. Mguu unaosoma karibu 0.7 kuelekea yote miwili mingine ndio geti. Dreni na sosi zikibadilishana, kwa kazi hii usijali. Ama umeuziwa transista ya kawaida iliyoandikwa jina la JFET. Hilo ni la kila siku, maana 2N5457 na J201 za miguu mirefu hazipatikani tena kirahisi, na mahali palipokwisha bidhaa halisi palitokea wachapishaji wa majina. Ndiyo maana mimi nasema nunua J113, ishirini, kutoka mfuko mmoja. Si za dhahabu, na zile kumi na sita zinazobaki zina kazi nyingine.

Sasa nakuona unataka kuniambia: mbona fulani alilehemu nne bila kupima na pedali ikapiga? Ikapiga, ndiyo. Muulize trimpoti yake iko wapi. Kwenye Phase 90 kuna trimpoti (poti ndogo ya kurekebisha) ya 250k inayoweka geti mahali pake, na hata kwa JFET zilizolingana nafasi yake ni finyu: unageuza kidogo, mzunguko unatokea, unageuza tena, umepotea. Kwa zisizolingana, atakachokuwa amepata ni ile nafasi ambapo mbili kati ya nne zinafanya kazi. Amejenga Phase 45, ile ya hatua mbili, kwa gharama ya Phase 90. Kama ameridhika, mwacheni na amani yake.

Mwingine atasema: tutumie OTA, tuachane na kulinganisha. Hoja nzuri, siikatai. Small Stone ya Electro-Harmonix ilifanya hivyo kwa CA3094. Leo ni LM13700, bado inatengenezwa, kila chipu ina mbili, kwa hiyo chipu mbili kwa hatua nne. Hulinganishi kitu. Lakini ingizo la OTA linataka milivolti chache tu, unaligawanya kwa rezista ya mamia ya omu kwenda ardhini. Ukiisahau hiyo, feiza inageuka fazi mbaya, sauti ya kukwaruza. Rezista ni nyingi, bodi ni kubwa. Kwa pedali ya pili, naikubali.

Na Uni-Vibe, pedali ya zamani ya kuzungusha sauti, kwa sababu siku zote kuna mtu mmoja wa kuiulizia. Ile ya Shin-ei, kazi ya Fumio Mieda: taa moja, LDR nne. Zenyewe hazilingani, mbona inalia vizuri? Kwa sababu kapasita zake kwa makusudi hazilingani: 15n, 220n, 470p, 4.7n. Hatua zake hazikukusudiwa kuwa na kituo kimoja, basi tofauti ya LDR inamezwa humo humo. Phase 90 kapasita zote ni sawa, haina pa kuficha. Msilinganishe vitu viwili kwa sababu vyote vinazunguka.

Nyongeza ndogo ya bure: rezista mbili za 150k zinachanganya sauti kavu na iliyozungushwa. Weka swichi ikate ile ya upande mkavu, umepata vibrato.

Muda. Korasi kwa kifupi, nisamehewe. BBD kama MN3007 ina vidumu 1024 vinavyopokezana sauti kila saa yake inapopiga. Ucheleweshaji ni 1024 gawanya kwa mara mbili ya saa yake, kwa hiyo saa ya 100 kHz inatoa 5.12 ms. MN3007 inakwenda na MN3101 kama chipu ya saa, MN3207 inakwenda na MN3102, na hizo familia mbili umeme wake umegeuzwa: chanya ya huyu ni ardhi ya yule. Usichomeke moja mahali pa nyingine kwa sababu miguu inafanana. Coolaudio wanatengeneza V3207D na V3102D mpya, chukua hizo kuliko MN ya bei ya ajabu. Trimpoti ya bayasi (volti tulivu ya ingizo la chipu) iweke karibu nusu ya volti ya umeme, kisha sikiliza upande uliocheleweshwa peke yake hadi mkwaruzo upungue. Mita yenye Hz itakuambia kama saa inatembea. Isiyo nayo haitakuambia.

Na PT2399, ile ya kwenye mabodi ya mwangwi wa karaoke? Inapatikana kirahisi, najua. Lakini kikomo chake cha chini ni karibu 31 ms, na hapo rezista ya mguu wa 6 iko chini sana kiasi kwamba chipu inaweza kukwama ukiwasha. Kaa juu ya 2k. Utapata sauti ya magitaa mawili, si korasi ya CE-2.

Flanja, moduleshoni nyingine niliyoiahidi, haiwezekani leo. Wenye JFET mifukoni njooni mezani, bredibodi, 10k na koleo vipo. Mje na tepu zenu.