Mshahara wako wa sasa hauwahusu

Asanteni, kaeni. Waliowahi kunisikia wanajua naanzia wapi, na waliochoka kunisikia wana ruhusa ya kuchezea simu kwa dakika kumi. Fomu nyingi za kuomba kazi zina kisanduku kimeandikwa "Mshahara wako wa sasa". Kiacheni wazi. Mfumo ukigoma kuendelea, andikeni sifuri, na mkiulizwa mseme wazi kwamba hilo hamjalijibu.

Mimi nilikijaza. Tena nilikijaza kwa mdomo. Nilikuwa na miaka sita ya kuandika programu, kampuni moja ikanipigia mchana nikiwa kazini, nikajifungia kwenye chumba cha mikutano nanong'ona kama mwizi. Dada wa rasilimali watu akaniuliza kwa upole nalipwa ngapi. Nikamwaga yote, hadi posho ya usafiri. "Na unategemea ngapi kwetu?" Nikaongeza asilimia 20, kwa sababu ndivyo kila mtu alivyokuwa akiniambia: unapohama, ongeza asilimia 20. Ukauliza imetoka wapi, hakuna anayejua.

Kimya.

Wahenga wanasema kimya kingi kina mshindo mkuu, na mimi huo mshindo nikauogopa. Nikasema, "Lakini naweza kushuka kidogo." Kimya bado. "Hata asilimia 10 si mbaya." Hapo ndipo akajibu, "Sawa, nimekuelewa."

Hakuna aliyeniomba nishuke. Nilipatana bei na nafsi yangu, na nafsi yangu ikanishinda.

Kazi nikapata. Miezi minane baadaye tuko kantini na dada yule yule, tumeshazoeana, nikamuuliza kile kimya kilikuwa cha nini. Akanishangaa. "Kimya gani? Nilikuwa naandika tu." Alikuwa anaandika namba yangu ya kwanza! Aliposikia ya pili, akaifuta ile, akaandika hii. Kisha akaniambia jambo lililoniondolea hamu ya kula: ngazi yangu ilikuwa na kima cha chini na kima cha juu vilivyopangwa kabla hata sijaomba kazi, na ile namba yangu ya pili ilikuwa chini ya kima cha chini. Kwa hiyo wakanipandisha hadi kwenye kima cha chini. Nakumbuka niliwaandikia barua pepe ya kuwashukuru kwa ukarimu wao.

Mwenzangu tulioanza naye wiki moja, ngazi moja, meza zimegusana, alikuwa juu yangu kwa asilimia 20. Alikuwa ananizidi nini? Alipoulizwa analipwa ngapi alijibu, "Ningependa kujua kwanza, nafasi hii mmeitengea kati ya ngapi na ngapi?" Akatajiwa. Akaomba sehemu ya juu ya hapo, akaeleza kwa nini, akanyamaza. Sentensi moja na kunyamaza.

Msinicheke, pigeni hesabu. Mmoja anaanza na 100 kwa mwaka, mwingine na 120. Wote wanaongezwa asilimia 5 kila mwaka, hakuna anayeonewa. Jumla ya miaka mitano, wa pili amemzidi wa kwanza kwa 110 na ushei. Yaani zaidi ya mshahara wote wa mwaka wa kwanza wa yule mwenzake. Na huyo wa kwanza akihama akaulizwa tena "unalipwa ngapi?", anaubeba ule upungufu hadi kampuni ya tatu.

Ubongo nao hausaidii. Mwaka 1974 Amos Tversky na Daniel Kahneman walieleza jaribio lao la gurudumu. Gurudumu linazungushwa mbele ya watu, linasimama kwenye namba, kisha wanaulizwa nchi za Afrika ni asilimia ngapi ya wanachama wa Umoja wa Mataifa. Walioona 10 wakakadiria 25, kwa wastani wa katikati. Walioona 65 wakakadiria 45. Gurudumu! Kitu ambacho hakijui Afrika wala Umoja wa Mataifa. Sasa fikiria namba inayotoka kinywani mwako mwenyewe, tena ya kweli.

Najua kuna mtu hapa anasema moyoni, mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Mimi sina kazi kabisa, nikileta maringo wataita mwingine. Nimekusikia. Lakini kuuliza wametenga kiasi gani si maringo, na hata asiye na kazi anaweza kuuliza. Pia angalia saa ya kuuliza. Siku wanayokuambia "tunakutaka", wameshakufanyia usaili mara nne, wahandisi wao wameacha kazi zao kukusikiliza, wagombea wengine wameshaachwa. Kuanza upya kunawauma kuliko hiyo nyongeza. Na yule anayezungumza nawe halipi kutoka mfukoni mwake.

Mwingine anasema basi nitadanganya, nitaje kubwa. Usidanganye. Wakiomba hati ya mshahara utaificha wapi? Kunyamaza na kudanganya ni vitu viwili.

Na kama unadhani huu ni ubishi wangu binafsi, jimbo la Massachusetts kule Marekani limezuia waajiri kuuliza mshahara wa zamani kabla ya kutoa ofa tangu Julai 2018. Umoja wa Ulaya ulipitisha mwongozo wake mwaka 2023: mwajiri haulizi historia ya mshahara wako, na yeye ndiye anayepaswa kukutajia kiwango. Watunga sheria hawakukaa vikao kwa ajili ya kisanduku kisicho na madhara.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nilikuwa na mambo matano, nimesema moja. Haya, haraka.

Hisa, yaani sehemu ya umiliki ambayo kampuni nyingine hukupa kama malipo: mpango wa kawaida ni kukupa kidogo kidogo kwa miaka minne, na mwaka wa kwanza haupati chochote hadi utimie. Ukiondoka mwezi wa kumi na moja, umeondoka na fulana ya kampuni. Kwa hiyo unapohama, hesabu unachoacha nyuma, uombe kifidiwe, ikiwezekana kwa bonasi ya kuanzia. Hiyo mara nyingi hutoka kirahisi kuliko mshahara, kwa kuwa wanailipa mara moja tu.

Mwajiri wa zamani akikuongezea ili ubaki, muulize hela hizo zilikuwa wapi jana. Hilo lina mhadhara wake, leo silifungui.

Kila walichokuahidi kwenye simu kiwe kwenye barua ya ajira kabla hujaandika ya kuacha kazi. Mali bila daftari hupotea bila habari, na "tutaliangalia baada ya miezi sita" ni mali ya aina hiyo.

Ngazi na cheo niliviandalia kurasa tatu, naona narudi nazo nyumbani. Maswali. Wewe wa nyuma mwenye shati la bluu, karibu. Ila usiniulize nalipwa ngapi.