Tuihesabu Sukari au Tuiache?

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Nilipokuwa naingia ukumbini, dada mmoja alinishika mkono akaniuliza: "Mwalimu, nataka kupunguza uzito, na kalori nahesabu tayari. Na sukari nayo niihesabu?" Nikamwomba asubiri kidogo, maana kwa swali hilo amenimalizia mhadhara kabla sijauanza.

Mwaka 1997 Surwit na wenzake wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walichapisha utafiti kuhusu wanawake 42 waliokuwa wakipunguza uzito. Kwa wiki 6 walikula takriban kilokalori 1,100 kwa siku, zile tunazoziita kalori tu. Kundi moja lilipata asilimia 43 ya nishati yake kutoka kwenye sukari ya kawaida. La pili, asilimia 4 tu. Mnadhani nani alipungua zaidi? Makundi yote mawili yalipungua karibu sawa. Maadamu jumla ya nishati ilikuwa ndogo, sukari haikumzuia mtu kupungua.

Tafadhali mtu asitoke hapa akasema nimehalalisha sukari. Wale akina mama walipangiwa chakula kwa vipimo. Sisi nyumbani nani anatupimia? Mwaka 2013 Te Morenga na wenzake walikusanya tafiti nyingi za namna hii. Wakaona kwamba watu wazima wanaokula watakavyo, wakipunguziwa sukari, hupungua wastani wa kilo 0.8. Lakini sukari ikiondolewa na mahali pake pakawekwa wanga mwingine wenye nishati ileile, uzito haubadiliki. Yaani sukari hutunenepesha kwa sababu inatuingizia nishati bila tumbo kushtuka.

Na inapoingia kwa wepisi kuliko popote ni kwenye kinywaji. Hapa naomba mnisikilize vizuri. Mwaka 2000 DiMeglio na Mattes waliwapa watu 15 kilokalori 450 za ziada kila siku: wiki 4 kwa peremende, wiki 4 kwa soda. Walipokula peremende walipunguza chakula kingine bila kuambiwa. Walipokunywa soda hawakupunguza kitu, na uzito ukapanda. Sukari ni sukari, nishati ni ileile, ila iliyotafunwa mwili uliihesabu na iliyonywewa ukaiacha ipite.

Ndiyo maana huniuma ninapokutana na mtu aliyeacha matunda kwa kuogopa sukari, na kila asubuhi anakunywa glasi kubwa ya juisi na kutia asali kwenye chai, akiamini hivyo ni vya asili na havina neno. Ameacha chenye nyuzinyuzi, kinachotafunwa na kushibisha, akashika kile chenye kupita haraka. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2015, linaiita sukari huru ile inayoongezwa kwenye chakula, pamoja na ile ya asali, ya shira na ya juisi ya matunda. Sukari iliyomo ndani ya tunda zima haimo, wala ya maziwa. Shirika hilo linataka sukari huru iwe chini ya asilimia 10 ya nishati ya siku, na linasema ikishuka chini ya asilimia 5 ni bora zaidi.

Tupige hesabu. Gramu moja ya sukari ina kilokalori 4. Anayejipangia kilokalori 1,500 kwa siku, asilimia 10 yake ni 150, yaani gramu 37 na kidogo. Kopo moja la soda ya kola la mililita 330 lina gramu kama 35. Kopo moja, na fungu la siku karibu limekwisha!

Basi dada yangu, jibu langu ni hili: ihesabu kwa wiki mbili, uone inakotoka. Anza na vinywaji, na kila kijiko unachotia kwenye kikombe. Kijiko cha chai kimoja ni takriban gramu 4. Ukishajua mlango wake, punguza hapo, kisha urudi kwenye jumla ya kalori, protini na mboga. Matunda usiyaandike kabisa. Na usome lebo kwa makini: mara nyingi namba iliyoandikwa ni ya gramu 100, na pakiti ina zaidi ya hizo. Mtindi usiotiwa kitu nao utaonyesha sukari, kwa sababu lebo nyingi hujumlisha na ile ya maziwa yenyewe.

Wako ambao siwapi daftari hili la kuhesabu sukari. Aliyewahi kusumbuliwa na hofu ya chakula, hadi akawa anajinyima au anakula na kujitapisha, namba nyingine itamwongezea mzigo; huyo apate kwanza msaada wa mtaalamu. Na mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge vinavyoshusha sukari ya damu, asikate sukari na wanga ghafla kwa kunisikia mimi. Dozi ikibaki ileile na chakula kikapungua, sukari ya damu inaweza kushuka hadi akazimia. Aende kwa daktari wake kwanza, wapange dozi na chakula kwa pamoja.

Sasa nakaribisha maswali, na dada yule wa mlangoni aanze.