X na Y bado zinafanya kazi ndani ya moyo wako

Haya jamani, wazee wangu shikamooni, na nyie wengine habari za jioni. Nimeombwa niongelee moyo, na mi naanza na mama yangu mkubwa manake yeye ndo aliyenisukuma kwenye hii mada. Alikuwa na miaka 61, akaanza kuchoka ovyo, kichefuchefu, mgongo unamuuma, tukampeleka hospitali wakasema vidonda vya tumbo, akapewa dawa akarudi nyumbani, wiki ya pili tunamkimbiza tena usiku ndo wanapima wanakuta mshipa wa moyo umeziba. Kifua hakikumuuma hata siku moja. Nikauliza kwa nini moyo wa mama unaugua tofauti na wa baba, kila niliyemuuliza akanijibu homoni. Basi, homoni.

Sasa homoni zipo, sibishi. Wanawake kwa kawaida ugonjwa wa mishipa ya moyo unawafikia kama miaka 7 hadi 10 baada ya wanaume na estrojeni, ile homoni ya kike, ina mchango mkubwa hapo. Lakini ingekuwa ni hiyo peke yake si ukimrudishia mama homoni hedhi ikishakoma moyo ungetulia? Marekani walijaribu hilo, wanawake zaidi ya 16,000, nusu wakameza estrojeni na projestini, homoni nyingine ya kike, nusu wakameza vidonge visivyo na dawa, mwaka 2002 ikabidi wasimamishe kabla ya muda, saratani ya matiti ilikuwa imepanda kwa waliomeza homoni na hata mashambulio ya moyo kwao yalikuwa mengi kuliko kwa wenzao. Ni kweli wengi wao hedhi ilishakoma zamani, wastani wa umri ulikuwa miaka 63, na wataalamu wanabishana juu ya hilo mpaka leo, ila mimi pale ndo niliposema kuna kitu kingine.

Twende kwenye kromosomu. Ni nyuzi zinazobeba jeni, yaani maelekezo ya mwili, kila seli ina 46, na mbili kati ya hizo ndo za jinsia, XX kwa mwanamke, XY kwa mwanaume. Shuleni tulifundishwa zinaamua mtoto wa kike au wa kiume halafu mwalimu akafunga kitabu, kumbe seli za moyo wako bado zinazo na zinazitumia mpaka unazeeka. X imebeba jeni zaidi ya 800, na kwa mwanamke X moja inazimwa, hilo alilisema Mary Lyon wa Uingereza mwaka 1961, lakini haizimwi yote, kama jeni 15 katika kila 100 zinaendelea kufanya kazi, yaani mama anapata dozi ya ziada ya jeni hizo maisha yake yote.

Utajuaje ni kromosomu na si homoni? Hapa nipeni dakika manake ndo patamu. Kwenye Y kuna jeni inaitwa SRY, ndiyo inayoanzisha korodani. Watafiti wakaitoa kwenye Y ya panya wakaipachika kwenye kromosomu nyingine isiyo ya jinsia, kwa hiyo wakapata panya wa XX mwenye korodani, na wa XY mwenye ovari, na wale wa kawaida pia, makundi manne. Wakawalisha chakula chenye mafuta mengi. Majibu yakatoka 2019: wenye XX mishipa yao iliganda mafuta zaidi, wawe na korodani au ovari, hata walipoondolewa vyote viwili, na matumbo yao yalikuwa yananyonya mafuta mengi zaidi kutoka kwenye chakula! Mimi naona ina mantiki, mwili utakaobeba mimba na kunyonyesha unajiwekea akiba. Estrojeni ikiwepo inafunika hiyo hasara, ikiondoka, lehemu, yaani kolesteroli, inapanda. Kwa binadamu bado inachunguzwa, panya ni panya, lakini nikimkumbuka mama mkubwa naona hesabu inaanza kukaa sawa.

Kuna na wasichana wanaozaliwa na X moja tu, hali ya Turner, kama 1 kati ya 2,000 au 2,500. Baadhi yao vali ya aota, ule mshipa mkubwa unaotoa damu kwenye moyo, ina majani mawili badala ya matatu, na aota yao inaweza kupanuka hata kuchanika, kwa hiyo binti wa namna hii anatakiwa apimwe moyo mapema na arudiwe mara kwa mara, tafadhali sana.

Wababa, zamu yenu. Mwanaume akizeeka baadhi ya seli zake za damu zinapoteza Y. Kabisa, inapotea. Kwenye miaka 70 wanaume kama 4 kati ya 10 wanakutwa na hali hiyo. Mwaka 2022 watafiti waliondoa Y kwenye uboho wa panya, na chembe za damu zisizo na Y zikaingia kwenye moyo zikaanza kuchochea makovu, msuli ukakakamaa, moyo ukashindwa kusukuma damu. Walipowapa panya dawa ya kuzuia ujumbe unaoamrisha makovu yatengenezwe, moyo ukapata nafuu.

Nimesikia swali hapo nyuma, kaka anauliza aliyepoteza Y anageuka mwanamke? Hapana kaka yangu. SRY ilimaliza kazi ya kuanzisha korodani ukiwa tumboni kwa mama, wiki ya 6 au 7 hivi, na hapa tunaongelea seli za damu, moja inapoteza Y kwenye uboho inazaana, watoto wake wote wanatoka bila Y. Na kwa kuwa umeuliza nikuongezee, wavuta sigara wanapoteza zaidi, ila walioacha walipopimwa hali yao ilikuwa karibu sawa na ya wasiowahi kuvuta.