Michenzani Ilijengwa na Nani?

Assalamu alaykum. Wazee wangu, ndugu zangu, ahsanteni kwa kuja.

Leo nasema habari ya Michenzani, yale majumba marefu ya fleti hapa mjini Unguja, na najua nikianza tu mtu ataniambia, "Michenzani si ilijengwa na Wajerumani?" Basi naanza hapo hapo, maana neno hili nimelipinga kila nilipopewa nafasi na bado linazunguka.

Wajerumani wa Mashariki waliokuja baada ya Mapinduzi ya 1964 walijenga majumba ya fleti ya Kikwajuni na Kilimani. Hayo ni yao, sibishi. Mpango mkuu wa mji wa 1968 nao ulichorwa na Mjerumani, Hubert Scholz. Lakini Michenzani tunayoijua ni uamuzi wa Mzee Karume, rais wetu wa kwanza. Yeye ndiye aliyetaka majumba marefu kupita walivyoshauri wataalamu, jumba moja karibu mita 300, yapangwe mstari kwenye barabara kuu mbili zinazokatana kama msalaba. Simama pale kati utazame pande zote nne, utaelewa kwa nini watu waliyaita treni.

Na mikono je? Kazi ilipopamba moto mwanzoni mwa miaka ya 1970, watu wa Unguja walikwenda wenyewe kujitolea. Mama yangu mkubwa alikuwamo. Alibeba karai la zege kichwani, kata ya kanga chini yake, akapanda ngazi za mbao akimpokeza wa juu yake. Nilipokuwa mdogo, kila tukipita hunishika mkono tukasimama, akanyoosha kidole kwenye ukuta wa ghorofa ya pili: "Pale, mwanangu, pana zege langu." Yeye fleti hakupata, wala sikumsikia kulalamika. Sasa mtu akija kuniambia jumba lile ni la Wajerumani, namuuliza: na karai la mama mkubwa ulitie wapi?

Naona mzee pale anatikisa kichwa. Unataka kusema nyumba za watu zilibomolewa. Ni kweli, na una haki. Ng'ambo, upande huu wa mji ulio nje ya Mji Mkongwe, palikuwa na nyumba za miti na udongo, kila moja na baraza yake ya mbele. Mtu amezoea kukaa nje na jirani baada ya magharibi, ana kuku wake uani, na pengine mchenza, maana jina la mtaa limetoka huko. Akapewa fleti juu ya ngazi, chumba kizuri, umeme upo, lakini baraza hana, na kuku atawafuga wapi? Hayo lazima yaandikwe. Mimi sitaki historia ya kusifu. Nataka ya aliyebeba zege na ya aliyevunjiwa, zote mbili, kwa sababu mara nyingine ni nyumba moja, ndugu wawili.

Muda unanikimbia. Tarehe 7 Aprili 1972 Mzee Karume aliuawa Kisiwandui, hatua chache tu kutoka kwenye majumba yake, na ujenzi ukaendelea bila yeye. Habari ya maji kutopanda ghorofa za juu, na ndoo zinazopandishwa kwa ngazi, hiyo peke yake ni mhadhara mzima. Na majumba ya namna hii yapo Bambi, Makunduchi, Wete na Mkoani, leo siyafikii.

Ila hili siliachi. Mji Mkongwe uliingia kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2000, na kila mlango wake una picha na maelezo. Sisi tuliovuka Darajani, ng'ambo ya mkondo uliokwisha kufukiwa zamani, nani ameandika mlango wetu? Aliyekuwa na miaka 20 wakati ule sasa amepita 70. Mama mkubwa ameshatangulia, na sauti yake sikuirekodi hata mara moja.

Nimekuja na kinasa sauti, kipo juu ya meza ile karibu na mlango. Mzee yeyote aliyebeba karai, au aliyevunjiwa nyumba, asitoke kabla hajakaa pale na mimi.