Jua jekundu, madirisha yamefungwa: joto na moshi wa huku Washington

Asalaam aleikum, habari zenu nyote mlioko nyumbani, Mombasa, Kilifi, Tanga, Unguja, na nyinyi wa bara pia. Leo mtanisamehe, pazia zote nimezishusha. Huku ni saa nne asubuhi lakini nje kama magharibi imeingia. Ngojeni niwageuzie kamera. Mnaliona jua lile? Jekundu kama kaa lililofunikwa jivu. Na hilo lililolifunika si wingu, ni moshi. Misitu inaungua milimani mashariki ya hapa, na moshi mwingine umevuka mpaka kutoka Kanada.

Kwa wageni wa chaneli, mimi naishi Kent, kusini ya Seattle, jimbo la Washington, na kazi yangu ni kutunza wazee. Nilipowaambia juzi kwamba kumetangazwa tahadhari ya joto, wengi mliniandikia: dada, joto gani hilo la kuwatisha Wazungu, njoo Mombasa mwezi wa pili. Sikasiriki. Maneno hayo hayo niliyasema mimi mwaka 2021, na nusura nimpoteze mama yangu.

Mama alikuja kumwona mjukuu. Tulikuwa tunakaa ghorofa ya 3. Mwisho wa Juni joto likapanda: tarehe 26 nyuzi 39, tarehe 27 nyuzi 40, tarehe 28 nyuzi 42. Kabla ya wiki ile, katika kumbukumbu zote za vipimo vya Seattle, joto lilikuwa limefika nyuzi 38 mara 3 tu. Safari hii likapita hapo siku 3 mfululizo. Mimi nikasema, huyu ni mtu wa Pwani, amezaliwa na joto, atakuwa salama. Nikamwachia feni na jagi la maji, nikaenda kazini.

Hapa pana jambo nataka mlishike. Kwetu kinachotuokoa ni nyumba na upepo. Nyumba za Mji wa Kale kuta zake ni nene, za mawe ya matumbawe, dari iko juu, dirisha linaangaliana na dirisha ili upepo uingie huku utokee kule. Mtu akizidiwa, hutandika mkeka barazani. Nyumba za huku zimejengwa kupigana na baridi. Ukuta ni wa mbao, katikati umejazwa sufi ya kuzuia joto lisitoke, na dirisha lina vioo viwili. Jua likishaingia ndani, limeingia. Kiyoyozi wakati ule nyumba nyingi za Seattle hazikuwa nacho, na yetu haikuwa nacho. Usiku wa manane kipimo cha sebuleni kilikuwa kinasoma nyuzi 34.

Niliporudi saa kumi jioni nilimkuta kwenye kochi, palepale nilipomwacha. Jagi limejaa. Dera lake kavu, hana hata tone la jasho. Akaniangalia, akaniita kwa jina la dada yake, aliyefariki mimi nikiwa darasa la pili. Nikamgusa shingo. Ilikuwa ya moto kama ubavu wa sufuria.

Nikapiga 911, namba ya dharura ya huku. Wakaniambia nisingoje gari, nianze kumpoza hapo hapo. Nikachukua leso mbili alizokuja nazo, nikazilowesha, nikamfunika, feni nikamwelekezea. Kwenye friza kulikuwa na mifuko ya njegere, nikamwekea shingoni, kwapani na kwenye kinena. Maji ya kunywa sikumpa, maana mtu aliyepotewa na akili atapaliwa. Alilazwa siku mbili, na alhamdulillahi yuko hai leo.

Daktari alinieleza mambo ambayo mimi nalipwa kuyajua. Mzee kiu yake hupungua, mwili unakauka naye hana habari. Na dawa ya presha aliyokuwa akimeza ni ile ya kukojoza, inayomtoa maji zaidi. Feni nayo ina mpaka wake: hewa ikishakuwa na joto kuliko mwili wako, feni inakupulizia hilo hilo joto. Kila siku nawakumbusha wazee wa watu wanywe maji, na mama yangu mwenyewe nikamwachia jagi nikadhani nimemaliza.

Ng'ambo ya mpaka, British Columbia, joto lile la wiki moja liliua watu 619. Wachunguzi wa vifo walipopitia habari zao waliona kwamba 98 kati ya kila 100 walizidiwa wakiwa ndani ya nyumba. Si juani, ndani. Na zaidi ya nusu walikuwa wakiishi peke yao. Nikisikia mtu anasema "mama yuko ndani kivulini, hana shida", moyo unanidunda.

Sasa huu moshi. Joto linasema fungua dirisha, moshi unasema funga, na hapo ndipo watu wanapochanganyikiwa. Moshi wa misitu una chembe ndogo mno, wanaziita PM2.5, yaani upana wake hauzidi maikrometa 2.5, na unywele wa mtu una kama 70. Pua haizizuii. Zinashuka mpaka ndani ya mapafu, nyingine zinaingia kwenye damu, ndiyo maana mbali na pumu, hata mwenye ugonjwa wa moyo hupata taabu siku kama hizi.

Tazameni simu yangu, hii inaitwa AirNow, ni ya serikali, ya bure, inaonyesha namba ya uchafu wa hewa. Ikiwa chini ya 50 rangi ni ya kijani, hewa nzuri. Ikipita 100, watoto, wajawazito, wazee na wagonjwa wapunguze kutoka. Ikipita 150 inakuwa nyekundu, hiyo ni ya kila mtu. Leo inasoma 158. Oktoba 2022, moto wa msituni ulioitwa Bolt Creek na mingine ilipokuwa ikiwaka, Seattle ilihesabiwa kati ya majiji yenye hewa chafu kuliko yote duniani. Watoto shuleni hawakutolewa nje kucheza, nasi kazini tulikaa na wazee milango imefungwa.

Na hiki hapa mnachokisikia kikivuma ni feni ya kawaida ya mraba. Nyuma yake nimebandika kichujio cha hewa chenye alama ya MERV 13, yaani kiwango chake cha kunasa chembe ndogo, kwa selotepu nene, kingo zote, pasibaki upenyo. Pembeni pamechapwa mshale, uelekee kwenye feni. Kilikuwa cheupe pe siku kumi na mbili zilizopita. Tazameni sasa, kijivu, na ukikinusa kinanuka kama jiko lililomwagiwa maji. Hayo yangekuwa kifuani mwa mwanangu. Usiku naizima, siiachi ikizunguka nimelala.

Barakoa, vaeni N95 iliyokaza usoni. Ile ya kitambaa, au leso uliyoilowesha, haizuii chembe hizi. Baba wenye ndevu nyingi, haiwakazi vizuri, bora mbaki ndani.

Lakini vikija vyote viwili, joto kali na moshi, na huna kiyoyozi? Mimi msimamo wangu ni huu: joto huua haraka zaidi. Usijifungie ndani ya tanuri eti unakimbia moshi. Toka, nenda maktaba au dukani kwenye kiyoyozi, au vituo vya kupozea watu ambavyo mji hufungua. Sisi tunafungua madirisha alfajiri namba ikiwa imeshuka, tunayafunga jua likichomoza, na dirisha la magharibi nimelizibia kadibodi kwa nje. Mtoto usimwache garini hata kama unaingia dukani mara moja. Gari lililofungwa huongezeka nyuzi 11 hivi kwa dakika 10.

Na vijana wetu wanaofika na kupata kazi za mashambani au za ujenzi, huku Washington joto likifika nyuzi 27 mwajiri analazimika kuwapa maji ya baridi na kivuli, na muda wa kujipoza mnapouhitaji. Ni sheria, si hisani. Ombeni.

Nyinyi mlioko nyumbani msiseme haya ni ya huku. Chembe hizi ndizo zilizomo kwenye moshi wa kuni na mkaa. Nimelelewa na mama anayepika kibandani, mtoto mgongoni, macho yanamtoka machozi, na kikohozi kile tukakiita cha kawaida. Jiko litoeni nje, likae uani, au chumba cha kupikia kiwe na dirisha, na mtoto mchanga akae kwa nyanya yake chakula kikipikwa. Na jiko lenye makaa msiingize chumbani mkalala nalo. Gesi yake haina harufu, mtu hashtuki.

Kuna aliyeniuliza kama amlete babake Julai. Mlete, ila kwanza amwonyeshe daktari wake dawa zote anazomeza, aulizie habari ya joto. Akifika, usimwachie jagi. Mpe glasi mkononi, umwone akinywa, na ukiwa kazini mpigie mara mbili, umsikilize anavyojibu. Mama angenipokea simu mchana ule, ningejua.

Huko kwenu sasa ni saa mbili usiku, ndiyo saa yangu ya kumpigia. Tangu arudi Mombasa, kila siku za moshi, kabla ya salamu ananiuliza namba ni ngapi leo. Nikimwambia 158 atataka kujua kama mjukuu wake ametoka nje.