Kujifunza Kipolandi kwa Kusikiliza Mazungumzo ya Nyumbani

Ndugu wanafunzi, baadhi yenu mtaanzia Łódź, mji wa Poland, ambako chuo kikuu kimekuwa kikiwafundisha wageni Kipolandi tangu 1952 kabla hawajaanza masomo yao. Najua mmeshafungua vitabu vya sarufi na majedwali yamewatisha: nomino ina hali saba, na mwisho wake hubadilika kila kazi yake inapobadilika. Mimi nawaomba sikio litangulie, na lianzie kwenye mazungumzo ya familia.

Maneno ya familia ni machache na yanarudiwarudiwa, lakini sarufi yote inapita mle mle. Sikilizeni vijana wawili wakifahamiana. Mmoja anauliza, "Masz siostrę?", una dada? Mwenzake anajibu, "Nie mam siostry", sina. Kwenye kamusi dada ni siostra. Ukiwa naye ni siostrę, usipokuwa naye ni siostry. Mtoto akimwita mama yake husema "Mamo!", na bibi, yaani babcia, huitwa "Babciu!" Umbo hilo la kuitana vitabu vingi hulichelewesha, wakati nyumbani linasikika tangu asubuhi mpaka watu wanalala.

Chukueni umri. Mwaka mmoja ni rok, miwili hadi minne ni lata, kuanzia mitano ni lat, halafu ukifika 22 lata inarudi! Ukiisoma kanuni hiyo inachosha. Msikilize shangazi akitaja umri wa watoto wa ukoo, mmoja baada ya mwingine, nayo itakukaa.

Nanyi hamwendi mikono mitupu. Maneno mengi ya Kipolandi huwekwa mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kama yetu. Tena anayesema watu wawili na vitabu viwili hatashangazwa na dwaj bracia, kaka wawili; dwie siostry, dada wawili; dwoje dzieci, watoto wawili. Kinachotusumbua sana ni konsonanti zilizorundikana, na kutofautisha sz na ś. Dawa yake ni rekodi fupi, ya dakika mbili hivi: isikilize bila maandishi, kisha ukiyafuata maandishi, kisha sema pamoja na msemaji kwa kasi yake ileile. Taarifa za habari ziacheni kwanza.

Ila nyumbani hakutoshi. Ndugu na marafiki huambiana ty, wewe. Ukimuuliza mama mwenye nyumba au mhadhiri wako "Masz dzieci?", umemkosea heshima. Sema "Czy pani ma dzieci?", pani kwa mwanamke na pan kwa mwanamume, kitenzi kikiwa cha nafsi ya tatu, kana kwamba unamtaja mtu mwingine. Ndiyo maana napenda sana rekodi za mchumba anayepelekwa kwa wakwe mara ya kwanza: mtoto wa nyumba hiyo anaita mamo na tato, mama na baba, mgeni anasema pan na pani, wote wakiwa meza moja. Anzeni na hizo.