Kuchonga mashua ya mfereji kwenye kibao: anza na kamba, maji yaache meusi

Karibuni watazamaji. Leo, kwenye kibao cha kuchapia picha, tunachonga mashua nyembamba ya mifereji ya Uingereza ya enzi za farasi, ikivutwa kwa kamba na farasi anayetembea ukingoni, ikitokea chini ya daraja la mawe. Njia ni ile aliyoikuza Thomas Bewick wa Newcastle mwishoni mwa karne ya 18: tunachonga uso wa mbao iliyokatwa kukingama, uso ule unaouona ukikata gogo vipande.

Chukua kibao cha mti wa boksi (mti mgumu uitwao boxwood, si mbao za masanduku), unene milimita 23, upana sentimita 10 kwa 7. Kipake wino mweusi mwepesi, kiache kikauke. Kila utakapochonga patatoka peupe, kwa hiyo unachonga mwanga, wala si kivuli. Hamishia mchoro wako ukiwa umegeuzwa, na jina lililoandikwa ubavuni mwa mashua lisomeke kinyume. Liangalie kwenye kioo kabla hujagusa chuma.

Vipimo sasa. Mashua hizi zilikuwa na upana wa mita 2.1 hivi na urefu hadi mita 22. Chumba walichoishi familia nzima kilikuwa huko tezi, yaani nyuma, tu, mita 3 hivi. Kwingine kote ni shehena chini ya turubai. Ukikirefusha chumba, umechora mashua ya matembezi.

Kamba ndiyo roho ya picha, ianze. Haifungwi omo, yaani mbele kabisa! Inafungwa kwenye mlingoti mfupi nyuma ya omo, kwa sababu ikifungwa omo farasi ataivuta pua ya mashua hadi igonge ukingo. Weka kibao juu ya kifuko cha ngozi chenye mchanga. Shika burini, chuma chembamba cha kuchongea, ikilala karibu kabisa na mbao, mpini ndani ya kiganja. Mkono wa kulia usukume taratibu. Wa kushoto ndio uzungushe kibao. Toa mstari mzima kwa mkupuo mmoja. Ukisita katikati patabaki kifundo, na ukiinua mpini ncha itazama, itakwama, kisha itavunja ukingo wa mstari. Hapo hakuna kufuta.

Kwenye kona ya daraja acha michirizi miwili mitatu myeusi, kila mmoja uwe na ukingo mweupe mwembamba kama unywele. Hiyo ni mifuo iliyochimbwa na kamba zenye maji na mchanga, zikisugua jiwe palepale miaka nenda rudi.

Maji ndiyo yanayowaponza wengi, wanachonga mawimbi ya bahari. Mfereji umetulia, na mashua inakwenda kwa mwendo wa farasi anayetembea. Chini ya mashua acha weusi mtupu. Kwingine weka mistari ya mlalo iliyokatikakatika, mbali isongamane, karibu iachane.

Kuchapa: wino mzito, kidogo sana. Rola ikitoa sauti ya kunatanata, umezidisha. Laza karatasi nyembamba, sugua kwa mgongo wa kijiko kuanzia katikati. Kamba ikipotea kwenye chapa ya kwanza, usiichonge upya. Mstari umejaa wino tu. Futa kibao kwa kitambaa chenye tapentaini kidogo. Maji usitumie kamwe, mbao hunywa, ikavimba na kupinda.